Mwalimu Anasubiri Niseme Sawa

Mume wangu ana mke wa pili, na mimi ndiye ninayemchemshia chai anapokwenda kwake. Mke mwenyewe ni programu. Anaitwa Komeo, na kazi yake ni kufunga siri: watengenezaji wa mifumo wanamchukua bure, wanampachika ndani ya programu zao, na manenosiri, ujumbe na mafaili ya wagonjwa yanafungwa humo yasisomwe na kila mpita njia. Msimbo wake, yaani maandishi yanayomuunda, uko wazi, anayetaka ausome. Kuusoma, wanausoma wachache. Kulalamika, wanalalamika wote.

Mume wangu, ambaye watu wanamwita Mwalimu kwa sababu anafundisha hesabu chuoni, aliiandika Komeo kabla hatujaoana, na tangu hapo anaitunza peke yake. Halipwi. Akitoka darasani anaketi kwenye meza ya kona ya sebule, anavaa miwani, na ukimwita anaitika ile "naam" ya mtu ambaye hajakusikia. Mimi humtania kwamba mke mwenzangu angalau angekuja siku moja kuosha vyombo. Lakini mwezi uliopita alianguka mbele ya ubao, chaki mkononi, wanafunzi wakamkimbiza hospitali. Presha. Daktari hakumung'unya maneno: aache kazi moja kati ya mbili, la sivyo mwili utaamua wenyewe. Na ya chuoni ndiyo inayotulisha.

Ndipo akajitokeza Mwepesi. Hatujui sura yake. Hilo ndilo jina alilojipa mtandaoni. Alikuwa ameleta masahihisho madogo madogo kwa muda, yote mazuri, na aliposikia Mwalimu anaumwa akaandika kwa upole wote: "Pole sana, Mwalimu wangu. Mzigo huu umeubeba vya kutosha. Nikabidhi funguo, nitaitunza kama mboni ya jicho." Funguo ni ruhusa ya kutoa toleo jipya, mwenye nazo akisema hii ndiyo Komeo, dunia nzima inaichukua bila maswali. Nilimpenda Mwepesi bila hata kumwona. Mama mkwe, aliyekuja kumuuguza mwanawe, alimpenda zaidi.

Jumamosi asubuhi Mwalimu alikuwa amejinyoosha kwenye kochi, mto chini ya kisogo. Akanigeuzia kompyuta.

"Mwenzangu, hii kazi ya mwisho ya Mwepesi macho yangu hayaiwezi. Nisomee. Ukisema sawa naipitisha, na leo leo namkabidhi funguo."

Alinipa mimi kwa sababu ndiyo kazi yangu: kampuni inanilipa nitafute matundu kwenye mifumo ya watu. Nikaketi, sawa yangu iko tayari mdomoni.

"Imebaki nyingi?" Mama mkwe aliuliza huku akikunja nguo.

"Kidogo tu, Mama."

"Basi maliza, apumzike. Mimi nilizaa mtoto, sikuzaa mlinzi."

Mwepesi alikuwa amegusa sehemu moja tu. Mwalimu huzipa sehemu za programu yake majina ya Kiswahili, na hii aliipa jina la Sawa. Inachukua nenosiri aliloleta mtu, inalilinganisha na lile la kweli herufi kwa herufi, kisha inajibu: ni sawa, au si sawa. Mwalimu aliiandika iwe nzito kusudi. Hata herufi ya kwanza ikikosewa, inaendelea mpaka ya mwisho ndipo inakataa. Mwepesi alikuwa ameandika pembeni, kwa furaha: "Nimeiondolea uvivu. Sasa ikiona kosa inakataa hapo hapo."

Nikasoma tena. Hapo nikaliona tundu.

"Wewe, dawa umekunywa?" Mama alimuuliza mwanawe.

Kimya kidogo. "Nimekunywa."

"Hujanywa!" tukasema kwa pamoja, mimi na Mama, na yeye mwenyewe akacheka akinyoosha mkono kuchukua vidonge.

Tunamjua. La kweli analijibu papo hapo, la uongo linamchukua pumzi moja. Na tundu la Mwepesi lilikuwa la namna hiyo hiyo. Mwizi anajaribu herufi ya kwanza na kupima muda. Jibu likichelewa kidogo tu, anajua ameipata, maana programu imevuka kuangalia inayofuata, basi anahamia ya pili. Akiwa na subira anatoka na nenosiri zima, na programu yenyewe haijamwambia kitu ila hapana.

Kama Mwepesi ni mwizi au ni kijana anayependa mwendo kasi, sijui mpaka leo. Mtu mwema angeweza kabisa kukosea hivyo. Ni kosa la watu hodari, wasiovumilia kuona kitu kinajivuta. Kwangu ilikuwa mamoja. Nikisema sawa, Mwalimu yuko huru leo leo. Nikisema si sawa, anainuka kwenye kochi. Nilimtazama alivyolala, soksi moja imetoboka, kitambi kinapanda na kushuka taratibu. Nilimpenda mno wakati ule, na Komeo nikaichukia kwa moyo wangu wote. Nilitamani niwe mjinga, japo kwa asubuhi moja.

"Mbona kimya?" aliuliza. "Sawa?"

"Si sawa."

Akaketi. Nikamwonyesha mstari wenyewe. Alisoma, akavua miwani, akajifuta uso kwa kiganja. Mama aliziacha nguo mapajani.

"Kwa hiyo anarudi kwenye kile kiti?" akaniuliza mimi, wala si mwanawe.

Mwalimu alimwandikia Mwepesi maneno machache: asante, hapana, na sababu yake. Suala la funguo hakuligusia. Kisha akanigeukia.

"Ungesema sawa, ningeipitisha. Nisingeangalia hata mstari mmoja."

"Najua."

"Na ulitaka kusema."

"Nilitaka sana. Nataka uwe mzima, tuje tugombane uzeeni."

"Sasa mbona hukusema?"

"Kwa sababu usingeangalia."

Alinishika mkono, akakaa nao hivyo. Halafu akainuka, nikajua ndiyo anakwenda kwenye meza yake. Akakivuta kile kiti, akanisogezea mimi.

"Funguo shika wewe, mpaka apatikane mtu."

"Mimi? Mimi sina muda hata wa kujikuna!"

"Ndiyo, wewe. Mwingine wa kumwamini hivyo simjui."

Akaingia chumbani, mlango hakuufunga. Nikaanza kutunga nenosiri jipya la kulinda funguo, refu la kumchosha mtu, na kabla sijafika mwisho nikamsikia anakoroma. Mama akaweka kidole mdomoni, akanionyesha kwa ishara nibonyeze polepole.