Upepo wa Mzee Wagiman

Wewe umewahi kuishi na mtu asiyesema anachotaka? Sukinah wa Klaten, kule Java, ameishi naye miaka arobaini. Ukimuuliza mumewe Wagiman ale nini, anasema chochote tu. Ukimuuliza kama mchuzi umezidi chumvi, anasema umekolea vizuri, kisha anamaliza jagi zima la maji.

Asubuhi moja mzee alikuwa anafagia uani, akaacha ufagio, akaja kukaa barazani mkono uko kifuani. Akasema upepo umemwingia, yaani baridi tu ya mwilini. Basi Sukinah akamvua shati, akampaka mafuta ya kuchua, akaanza kumkwangua mgongo kwa sarafu, kama wafanyavyo watu wote wa huko mtu akiingiwa na upepo. Mistari ikatoka, myekundu, imepangika kama miba ya samaki. Ila sarafu ilikuwa inateleza. Jasho lilimtiririka mzee wa watu, tena la baridi, na uso umepauka kama unga wa mchele.

Sukinah akapiga simu ya dharura. Aliyepokea ni binti aitwaye Endah, akaomba kusema na mgonjwa mwenyewe. Wagiman akaishika simu kwa mikono miwili, akaeleza kwa adabu zake zote kwamba si kitu, wasijisumbue, huenda wapo wenye shida kubwa zaidi. Endah akamshukuru, akaomba arudishiwe mama.

"Mama, baba yangu yuko hivihivi," alisema. "Sasa niambie wewe unachokiona."

Sukinah akaeleza: jasho, kuhema, anajishikashika taya, mkono wa kushoto haunyanyui. Endah akasema huenda ni moyo, na gari limeshatoka. Aiache sarafu. Amketishe chini aegemee ukuta, magoti ayakunje, asitembee hata hatua. Akauliza kama ana vidonda vya tumbo au kama aspirini humdhuru. Hapana. Basi atafune kidonge kimoja, na geti lifunguliwe.

Wagiman kusikia watu wanakuja, akataka kuinuka avae batiki yake ya harusini. Sukinah akamrudisha chini kwa bega, kisha yeye mwenyewe akaingia jikoni, simu mkononi. Endah alisikia mlio.

"Mama, hiyo ni birika?"

"Chai ya hao vijana tu, mwanangu."

"Iache. Hawaji kunywa, wanakuja kumbeba. Kaa naye, na akizimia niambie papo hapo."

Ndani ya gari mhudumu alimuuliza mzee maumivu yake ni mangapi, kati ya moja na kumi. Akajibu kwa upole kwamba ni mawili. Mhudumu akamtazama Sukinah.

"Andika tisa," Sukinah akasema.

Mshipa wa moyo ulikuwa umeziba kweli, wakauzibua siku ileile. Nesi alipoiona mistari mgongoni alicheka kidogo, maana hata mgongo wake mwenyewe ulikuwa nayo. Jioni rangi ilimrudia mzee usoni, kucha zikawa nyekundu tena, na Sukinah alikuwa anazipapasa moja moja.

Muda wa wageni ukaisha. Ratmi, binti yao, akamsihi mama aende nyumbani akalale. Sukinah akamgeukia mumewe, akamuuliza kama kawaida yake: abaki au aende?

Wagiman akafungua kinywa. Sukinah aliijua midomo ile, ilikuwa inatunga neno la "upendavyo wewe". Ikafumba.

"Iliuma, mama Ratmi," alisema. "Iliuma sana. Usiende. Nataka ukae."