Disketi ya Karani Onesmo

Jumamosi moja ya Machi mwaka 1996, saa tisa alasiri, Onesmo aliondoa kitambaa cha kudarizi juu ya kompyuta yake, akakikunja mara nne na kukiweka kwenye mkono wa kochi. Kompyuta hiyo aliinunua kutoka kwa mradi wa maji uliofunga ofisi zake mjini Shinyanga, na katika mtaa mzima wa Ngokolo hapakuwa na nyumba nyingine yenye kitu kama hicho. Alikuwa karani wa mahakama kwa miaka ishirini na miwili. Tangu astaafu alikuwa akiwaandikia watu barua, wosia na malalamiko.

Kunal, fundi redio mwenye kipara na mabinti watatu, aliketi kwenye stuli akatoa disketi mfukoni mwa shati.

"Shikamoo mzee. Naona umemfunika kama bibi harusi."

"Marahaba. Vumbi la hapa unalijua. Lete hiyo dawa yako."

Dawa yenyewe ilikuwa programu aliyoletewa Kunal na kaka yake aishiye Uingereza. Alieleza kwamba ukishaipa neno lako la siri, inazichanganya herufi zote za faili, na mtu asiye na neno hilo akifungua anakuta pumba tupu.

"Ila ukilisahau usije dukani kwangu kulia," alisema. "Hata mimi sitaweza kukufungulia."

"Karani hasahau."

"Haya. Na majina ya watu kwenye hayo maelezo yatoe, weka namba. Shahidi wa kwanza, shahidi wa pili."

Onesmo alimtazama kama mtu aliyeambiwa aende kazini bila suruali. "Maelezo yasiyo na jina, kabila, dini na umri si maelezo, Kunal. Ni umbea."

Maelezo yalikuwa kumi na moja. Yalitolewa na watu waliokuwapo kwenye machimbo ya Bwana Charles, ng'ambo ya Nyarugusu, siku mvua kubwa ilipoingia ndani ya duara, yaani shimo lenyewe. Asubuhi ile wanaume saba walishuka. Bwana Charles alikuwa amesikia kwamba mkaguzi atapita Jumatatu na hakutaka akute shimo lililojaa maji na maiti. Akaleta tingatinga. Kabla jua halijazama duara lilikuwa limefukiwa na kusawazishwa, na yeye akasema hapakuwa na mtu chini.

Onesmo aliyaandika yote kama alivyofundishwa. Mimi, Mbuke binti Luhende, Msukuma, Mkristo, umri miaka ishirini na sita, mkulima, naapa kwamba nitakayosema ni kweli. Kisha zikafuata habari za mumewe, Donatus, aliyetoka Ngara, mmoja wa wale saba. Huko machimboni wengi walimwita Mhangaza tu, kwa kabila lake. Jina lake kamili lilijulikana na mkewe, na wale wachache waliotoa maelezo, na Bwana Charles, ambaye kila asubuhi aliita majina ya watu kabla hawajashuka.

Jumamosi ile Onesmo aliyafunga yote kumi na moja. Akatengeneza nakala kwenye disketi tatu. Moja aliitia kwenye kopo la majani ya chai, moja kwenye koti lake la kanisani, na ya tatu akaiacha ndani ya mashine. Alipojaribu kusoma bila neno la siri aliona pumba, akaridhika.

Jumatatu asubuhi Mbuke alifika na mtoto wake wa wiki tatu mgongoni. Jirani aliyekuwa akifagia alimsalimia, "Mwangaluka, mayu," na Mbuke akasimama kidogo, kwa sababu hakujua kama salamu hiyo ya Kisukuma ilimhusu.

"Shikamoo baba," alimwambia Onesmo. "Nimetoka kliniki. Wameniuliza jina."

"Marahaba. Ukawaambiaje?"

Mbuke alifungua kinywa. Sauti iliyotoka ilikuwa kama changarawe zinazozungushwa kwenye karai. Onesmo alimwomba ataje la mumewe. Zikatoka changarawe nyingine, nzito zaidi.

"Nesi amefanyaje?"

"Amepiga mstari kwenye kadi. Foleni ilikuwa ndefu."

Katika wiki hiyo walikuja na mashahidi wengine. Makoye, aliyekuwa akivuta kamba ya winchi, alikuwa ameishiwa dini. Ijumaa alikaa nje ya msikiti na Jumapili nje ya kanisa, akisubiri miguu yake ikumbuke pa kuingilia. Bujiku alikuwa ameishiwa umri. Aliamka na mvi, adhuhuri akawa na chunusi za ujana, na jioni meno mawili ya utoto yakamdondoka kwenye ugali. Mkewe aliyatupa juu ya paa kama ilivyo desturi. Walikuja kumweleza karani kwa utaratibu, kama watu wanaokuja kurekebisha kosa kwenye fomu.

Onesmo aliwasha kompyuta, akaandika neno la siri na kufungua faili la Mbuke. Uani Mbuke alisema "Donatus." Alilisema mara nyingi, taratibu, mdomo ukiwa sikioni mwa mtoto. Onesmo alipofunga, changarawe zikarudi.

Tume ya wilaya ya kuchunguza duara lile ilikuwa ikutane Geita baada ya wiki mbili. Kila mtu alijua maana yake. Majina saba yakitamkwa mbele ya tume, wanaume saba watakuwa wamekufa, na matanga yao yataondolewa. Yasipotamkwa, watakuwa hawakuzaliwa. Mbuke alitaka kumpa mtoto jina la baba yake siku ya kuondoa matanga, na hakuna ukoo unaoondoa matanga ya mtu asiye na jina.

"Baba, faili langu liache wazi tu," alisema.

"Likiwa wazi watalisoma."

"Walisome. Si ndio waliofukia? Kipi wasichokijua?"

"Ni kwa usalama wenu, mwanangu."

"Usalama wa nani? Mimi hata jina sina."

Onesmo aliizima kompyuta. Alikuwa na hofu, na hofu hiyo haikuwa kwa ajili ya mashahidi. Tangu Jumanne, kila asubuhi alikuta mlangoni kwake rundo la udongo mbichi, urefu wake kadiri ya kaburi la mtoto. Ulikuwa udongo mwekundu wa machimboni, si wa Shinyanga. Aliufagia na kuumwaga kwenye migomba. Alhamisi migomba ikawa imekauka.

Ijumaa walikuja wanaume wawili kwa gari jeupe aina ya pikapu. Walivua viatu mlangoni, wakamwamkia, wakanywa chai. Mmoja alifungua kopo la majani ya chai bila kuulizia lilipo, akaichukua disketi. Siku ya pili aliirudisha.

"Haisomeki, mzee," alisema kwa upole. "Bwana Charles amefurahi sana. Anasema uendelee hivyo hivyo."

Onesmo aliisikia sentensi hiyo masikioni hadi Jumapili. Hata hivyo hakuyafungua maelezo.

Siku tatu kabla ya tume alikaa kumalizia kazi yake. Karani anayepeleka maelezo lazima aambatanishe maelezo yake mwenyewe: nani aliandika, wapi, kwa kifaa gani, na kielelezo kilitunzwaje. Kielelezo ambacho hakielezwi kilivyotunzwa hakipokelewi. Katika miaka ishirini na miwili alishaona kesi kubwa zikianguka kwa sababu karani fulani alisahau kutaja ufunguo wa kabati. Basi akaandika: Mimi, Onesmo, karani mstaafu, nimeyafunga maelezo haya kwa neno lifuatalo. Akaliandika neno. Akasoma mara mbili, akasahihisha nukta moja, akalifunga faili hilo pamoja na mengine kumi na moja.

Alikaa mbele ya kioo cha kompyuta, neno la siri nalo limemtoka kichwani, mpaka mkewe, Bhoke, alipoleta uji.

"Vipi, baba?"

Alitaka kumwambia yeye ni nani na amefanya nini. Zikatoka changarawe.

"Basi kunywa kabla haujapoa," alisema Bhoke.

Kunal aliitwa. Alijaribu jina la kila mtoto wa Onesmo, kila kijiji, kila mtakatifu. Jua lilipoanza kushuka alikunja mikono ya shati lake. "Nilikwambia mzee," alisema, na hakuwa akimkejeli. Alikitandaza kitambaa cha kudarizi juu ya kompyuta, akakinyoosha pembe zote nne.

Kikao cha tume kilifanyika Geita kwenye ukumbi wenye mapangaboi matatu, mawili mabovu. Bwana Charles aliketi mstari wa mbele akiwa na kofia magotini. Mashahidi kumi na mmoja walisimama mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja alisema yake, na ukumbi ukajaa mlio wa karai. Mwenyekiti alisikiliza akiwa ameweka mkono shavuni. Mpiga chapa wake, Dorah, alipiga chapa kila alichosikia na kubadilisha karatasi zilipojaa. Onesmo alitoa disketi. Mwenyekiti aliipokea, akaigeuza, akaigonga muhuri.

Mbuke alikuwa wa mwisho. Alimnyanyua mtoto juu kidogo, pengine akidhani sura itasaidia. Mwenyekiti alimshukuru.

"Tatizo ni kwamba hakuna jina hata moja lililotajwa," alisema mwenyekiti. "Bwana Charles, una la kuongeza?"

Bwana Charles alisimama. Yeye hakuwa ameandikisha maelezo kwa mtu yeyote, na ulimi wake ulikuwa mzima.

"Nashukuru, mheshimiwa. Mimi ni mtu wa haki, nitalisaidia jambo hili. Wanaosemwa wamefukiwa ni Donatus wa Ngara." Akataja na wengine sita, polepole, jina na jina la baba, bila kukwama hata mara moja, kama anayeita watu asubuhi kabla hawajashuka. "Hawa wote siwajui. Sijawahi kuwasikia."

Hakuna aliyeuliza ameyajuaje. Onesmo alisimama na mkono juu, changarawe zikamporomoka kinywani mpaka askari alipomketisha kwa heshima, kama anavyoketishwa mzee. Dorah aliuliza Ngara inaandikwaje, akaambiwa. Mwenyekiti alimshukuru Bwana Charles kwa ushirikiano, akasoma uamuzi: duara lilikuwa tupu.

Nje, mashahidi walitawanyika kutafuta magari. Mbuke hakupanda. Alikuwa amelisikia jina, zima, mchana kweupe, na mtoto alikuwa amelisikia pia.

Baada ya hapo akahamia Geita, akawa anauza viazi vitamu vya kuchemsha. Kila Jumamosi asubuhi humwogesha mtoto, humvalisha, na kwenda naye kusimama kwenye geti la Bwana Charles pamoja na familia nyingine sita. Hawapigi kelele. Bwana Charles hutoka na kikombe chake cha chai, kwa sababu hapendi watu wakae getini kwake muda mrefu, na huita yale majina ambayo wao hawawezi kuyatamka, moja moja.

"Donatus," husema.

Na mtoto, ambaye sasa anatembea, huachia mkono wa mama yake na kumkimbilia aliyemwita.