Filimbi ya Baba Watoto

Nyumba yangu haina saa ya ukutani. Ya nini, na mimi nimeolewa na filimbi? Baba watoto ni mwalimu wa michezo, na tangu siku alipoamua kwamba familia isiyo na ratiba ni genge, filimbi haimtoki shingoni. Prii! Tunaamka. Prii! Wakubwa wanaoga. Prii! Tunakunywa chai, na ole wako ukutwe unatafuna baada ya ile ya kumaliza. Nasikia kuku wa jirani nao wameshaanza kujipanga mstari.

Mimi ni fundi cherehani, kazi yangu naifanyia palepale sebuleni, kwa hiyo raha zote hizo nazipata bure. Siku moja nikamuuliza, "Mwalimu, hivi kucheka tumepangiwa lini?" Akajibu bila hata kutabasamu, "Jumapili jioni." Jamani! Na hakuwa anatania.

Sasa katika jeshi hilo kulikuwa na askari mmoja mkaidi, kitinda mimba wetu. Alikuwa anakaribia miaka miwili na hajapiga hata hatua moja. Kazi yake kukaa. Alikaa vizuri, mgongo umenyooka, anatutazama kama watu tuliokuja kuomba kazi, ndiyo maana dada yake akambandika jina la Mwenyekiti. Tulicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha mdomoni tu. Daktari alimgeuza huku na huku, akasema miguu ni mizima, atatembea akiwa tayari, msimlazimishe. Mimi nilikuwa naogopa. Mwalimu alikuwa anaogopa kunishinda, ila hofu yake hana namna ya kuisema kama watu wengine. Akaipangia kipindi.

Basi kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, zoezi la kutembea. Anamsimamisha Mwenyekiti akishika kiti, anarudi nyuma, anachuchumaa, anapanua mikono, halafu anapuliza kumwanzisha. Prii! Mtoto anakaa chini, pwaa. Anamsimamisha tena. Prii! Pwaa.

"Mwili wa mtoto unataka nidhamu," ananieleza mimi, niliyewazaa wote watatu.

Kumshauri mtu huyo ni kumpigia mbuzi gitaa. Jumamosi akichezesha mechi alikuwa akimbeba mpaka uwanjani, anamkalisha pembeni kwenye mkeka awaone watu wenye miguu wanavyoitumia. Eti apate hamasa. Mtoto wala hakuwa na habari na wachezaji. Alimtazama baba yake tu, macho hayabanduki.

Asubuhi moja filimbi ikapotea. Msiba gani huo! Mwalimu akapekua kabati, akapekua kopo langu la vifungo, mwisho akapiga magoti akaingiza kichwa chini ya meza ya cherehani, nje yakabaki makalio na suruali ya michezo iliyopigwa pasi. Binti yangu mkubwa akaitazama neema ile, uzalendo ukamshinda. Akamrukia mgongoni. Mdogo wake wa kiume naye juu.

"Twende, punda!"

Nikajua leo kuna mtu atalia. Lakini yule bwana, sijui alichoka, sijui ni kwa kuwa hakuwa na cha kupuliza, akatoka kinyumenyume na mzigo wake mgongoni, akalia kama punda. Mlio mbaya hivyo sijapata kuusikia. Akazunguka sebule nzima, vitambaa vya wateja vinaburutwa, chai inapoa, muda wa kazi unapita, na mimi niliyepaswa kugomba nimeshika mbavu.

Ndipo nikaona mahali pa Mwenyekiti ni patupu.

Alikuwa amesimama. Hajashika kitu. Mkono mmoja ameunyoosha mbele, anadai zamu yake. Akapiga hatua, akapepesuka, akapiga nyingine, akaenda hivyohivyo mpaka akaung'ang'ania mgongo wa baba yake. Mwalimu akageuza shingo, akauona ule mkono mdogo, akaufuata kwa macho mpaka chini kwenye miguu. Akalia, na safari hii si kama punda.

Na pale alipokuwa amekaa Mwenyekiti, filimbi hiyo hapo. Ameikalia tangu tulipoamka. Mwalimu akaiokota, na kwa kuwa hajui furaha nyingine, akaipuliza kwa nguvu zake zote.

Mwenyekiti akakaa chini. Pwaa.

Hakuna aliyecheka. Mwanangu wa kiume ndiye aliyesema, "Baba, kwani uwanjani ukipuliza si kila mtu anaacha kukimbia?"

Nilimwona Mwalimu anazikumbuka zile asubuhi zote. Sisi wengine tulikuwa tunamtii huku tumenuna. Mmoja tu ndiye aliyemtii kwa mapenzi, na huyo ndiye tuliyemwita mkaidi. Nilikuwa nimemwekea mume wangu maneno ya mwaka mzima, makali kuliko mkasi wangu. Nikayameza.

Akaitoa filimbi mdomoni, akanipa. "Mama watoto, itie humo kwenye vifungo."

Halafu akachuchumaa mbali kidogo na suruali yake iliyojaa vumbi, akapanua mikono. Huko shuleni darasa zima lilikuwa uwanjani linamngoja. Mwenyekiti akamkazia macho mdomoni, akisubiri. Mdomo haukutoa kitu. Basi akajiinua taratibu, akaja.