Mwanafunzi wa Kumi

Darasani walikuwa kumi, na kumi ndiyo idadi ya chini kabisa. Akipungua mmoja kabla ya saa sita mchana, chuo kinafuta somo, na sisi walimu wa mkataba tunakaa nyumbani bila kazi hadi Agosti. Nilikuwa nimewahesabu mara nne. Nikaenda dirishani, nikatazama theluji, nikarudi, nikawahesabu tena.

"Profesa Pruitt, keti basi, unatutia kizunguzungu!" alisema Marvella, mama wa watoto wawili anayekaa mstari wa mbele. Wenzake wakaangua kicheko.

Sikuweza kukaa. Tena nina tabia ambayo mke wangu huiita ujuaji: sifundishi uchumi kwa ile mifano ya vitabuni ya bunduki na siagi. Nachukua habari ya asubuhi hiyo hiyo. Siku ile jiji letu zima la Toledo, Marekani, lilizungumzia ghala jipya la barabara kuu, lililoongeza mshahara kwa dola nne kwa saa ili lipate watu wa zamu ya asubuhi.

"Bei halisi ya kitu ni kile unachokiacha ili ukipate," nikasema. "Haya, kukaa humu kunakugharimu nini? Nani aje ubaoni?"

Akaja Marvella. Aliandika ada na bei ya kitabu. Kisha akachukua mshahara wa ghala kwa saa, akauzidisha kwa saa za darasa, halafu kwa wiki kumi na tano. Alipofika kwenye jumla, akaipigia mistari miwili chini.

"Umesahau faida ya cheti," nikadakia, upesi mno.

"Sijasahau. Cheti hakikimbii, Profesa, hata mwakani kipo. Ghala linafunga maombi leo. Nimekosea wapi?"

Niliukagua ubao mstari kwa mstari. Ningeweza kumdanganya, na angeniamini. Hilo ndilo lililonitia hofu. Saa ya ukutani ilionyesha saa sita kasorobo.

"Hujakosea popote," nikasema.

Akavaa koti. Mlangoni akageuka. "Unajua kufundisha, wallahi. Kwani wewe wanakulipa ngapi kwa saa, ukijumlisha na kusahihisha?"

Akaenda zake ofisini kujiondoa. Wale tisa wakanikodolea macho, nami kalamu ilikuwa tayari mkononi. Nilipiga hesabu yangu chini ya yake, nikairudia, nikaifuta kwa kiganja.

"Jamani," nikawauliza, "hiyo zamu ya ghala inaanza saa ngapi?"