Pamba Yenye Miguu

Nyumba ya fundi magodoro haikosi pamba. Ilikuwa kwenye kope, kwenye ndala, hata ndani ya chai ilielea, na majirani walipomwita Mama Godoro aliitika bila kinyongo. Kwa hiyo alipoona kijiwingu cheupe kwenye ua la okidi la wifi yake, pale jani linapokutana na jani, hakushtuka. Alijaza mashavu, akapuliza. Fuu! Akarudi kwenye sindano yake.

Ua halikuwa lake. Wifi, dada wa mumewe, alikwenda kumlea binti yake aliyejifungua, akaliacha dirishani kwa Mama Godoro. Miaka yote lilikuwa majani matupu, na Mama Godoro hakuacha kulitania: "Wifi, hiyo kabichi yako utaipika lini?" Safari hii kabichi ilikuwa imetoa kikonyo kirefu, na kikonyo kimeshika vitumba.

"Nikirudi nilikute limechanua," wifi alisema akiwa mlangoni na mkoba begani. "Ukiniulia ua langu nakurudisha kwenu, hata kaka yangu akilia."

"Kaka yako atalia njaa tu, hatanililia mimi."

Wakacheka, wakaagana.

Weupe ukazidi. Mama Godoro naye akazidi kupuliza, asubuhi kabla ya kazi na jioni akifagia, akijisifu moyoni kwa usafi. Majani yakaanza kunata kama yamepakwa asali. Moja likageuka manjano, likaanguka lenyewe. Siku hiyo hiyo wifi alipiga simu.

"Ua langu?"

"Linakusalimu."

"Na vitumba?"

"Vimenona kama mjukuu wako."

Vitumba viwili vilivyodondoka vilikuwa mfukoni mwake, vimesinyaa. Alivishika huku akiongea, na tangu hapo kila alipoingiza mkono mfukoni ulitoka kama umeguswa na moto.

Muuza maua alipofika kuchukua mto wake, macho yake yalikwenda dirishani kabla ya salamu kwisha.

"Mama, hili unalifanyaje?"

"Nalipuliza. Si unaona pamba yangu ilivyolijaa?"

Muuza maua akainama, akafunua kwapa la jani kwa ncha ya kucha. "Njoo uangalie vizuri. Pamba haina miguu."

Mama Godoro akavaa miwani ya kutungia uzi. Pamba ilikuwa inatembea.

"Ni wadudu. Wanalinyonya maji. Na wewe ukipuliza unawasafirisha jani hadi jani, tena bila nauli."

Mama Godoro akakaa juu ya godoro lisiloshonwa. Kumbe mkono uliobembeleza ndio uliokuwa ukichimba kaburi. Kama angelisahau tu, asiliguse, lingekuwa na nafuu.

"Litapona?"

"Labda. Ila kata kikonyo. Mgonjwa habebeshwi mzigo."

"Kikonyo ndicho anachokisubiri mwenyewe!"

"Basi chagua: ua la wiki mbili, au mmea."

Aliushika mkasi wa kukatia vitambaa, akauweka, akaushika tena. Akakata. Akaling'oa ua chunguni, akaondoa mizizi iliyolainika, akaliosha. Kisha akachovya pamba kwenye spiriti, akapangusa kila kwapa na kila mgongo wa jani. Pamba ya kweli ikamfukuza mwigo wake. Lilipokaa kwenye magome mapya ya mti, ndiyo udongo wa okidi, lilibaki na majani mawili na mizizi michache, linatia huruma kama kuku aliyenyonyolewa.

Mumewe alilitazama, akakuna kidevu. "Mtafutie lingine. Maua yote sura moja, dada yangu atajulia wapi?"

"Nimeshamdanganya kwa mdomo. Sasa unataka nimdanganye na kwa chungu?"

Akampigia wifi kabla ujasiri haujapoa.

"Wifi, kitendawili."

"Tega!" Wifi alipenda vitendawili kuliko sukari.

"Nina pamba isiyoshonwa, humla anayeibeba."

"Moto... La. Deni? Mume!"

"Hapana. Nipe mji."

"Haya, nakupa nyumba yako mwenyewe."

Mji huo haukuwa na pa kujificha. "Nilikwenda nyumbani kwangu," Mama Godoro akaanza, kama desturi ya mtegaji, "nikakuta ua la watu limeota wadudu, nikadhani ni pamba, nikawapuliza mpaka wakalijaa. Wifi akaniuliza, nikamwambia linamsalimu. Leo nimekata kikonyo chake kwa mkasi wangu. Jibu ni wadudu. Na mimi pia."

Kichanga kililia upande wa pili, kikanyamazishwa.

"Ulijua linaumwa, ukaniambia linanisalimu?"

"Nilijua."

"Hilo la kupuliza ni ujinga, ujinga nausamehe. Hilo jingine bado." Simu ikakatika.

Wifi aliporudi hakuketi. Alikwenda moja kwa moja dirishani, akapitisha kidole chini ya majani, akakitazama. Kando ya shina kulikuwa na ncha ya mzizi mpya, kijani, ndogo kama kichwa cha pini. Mama Godoro alisimama nyuma yake na chungu kitupu cha kulibebea.

"Rudisha hicho chungu," wifi akasema. "Likae hapa hapa. Aliyelitia ugonjwa ndiye atakayeliuguza mpaka lichanue. Nami kila Jumapili nitakuja kukagua, na utaniambia kweli."

"Nitakuambia."

"Na hiyo mashine yako ya upepo?"

Mama Godoro akaziba mdomo kwa upande wa khanga. Hata wifi alipoanza kucheka, yeye hakuuondoa.