Farasi Mwenye Alama ya Meno

Godelieve alikuwa amemsimulia mjukuu wake Tineke habari za farasi mmoja wa mbao, wa bembea ya kuzunguka, hata mtoto akawa anamwota. Baba yake Godelieve ndiye aliyemchonga: mkia wa singa za kweli, macho ya kioo, pua zilizotanuka kama anahema. Na sikioni alama ya meno, maana Godelieve alipokuwa mdogo alimng'ata kwa hasira siku aliposhushwa kabla hajatosheka.

Jumapili ya sikukuu ya mji wakasikia bembea ile ya zamani imerudi uwanjani. Wakaenda.

Godelieve akamwona farasi wake, akarudi nyuma hatua moja kwa kinyaa.

Wamempaka zambarau, tabaka juu ya tabaka, hata mishipa ya shingo imezama. Jicho moja la kioo, la pili limechorwa tu, limekaa makengeza. Mkia wa nailoni umegandamana kwa sukari ya maandazi. Na ndani ya pua, watu wamebandika chingamu. Nyingine mbichi, nyingine zimeota manyoya ya vumbi.

"Bibi, ndiye huyu?"

"Huyu? Hata! Sijui kituko cha nani hiki. Twende zetu."

Firmin, mwenye bembea, akajipiga kifua. "Nimempaka kwa mkono wangu, mama! Hang'ai?"

"Anang'aa kama kidonda. Ulipaka kwa brashi au kwa mwiko?"

Tineke alikwisha kupanda. Bembea ikaanza kuzunguka, na Firmin akawa anawarushia watoto kishada cha nyuzi juu ya vichwa; anayekinyakua hupanda tena bure. Wote walinyoosha mikono, isipokuwa Tineke. Yeye alikuwa anapapasa sikio.

"Bibi! Kuna meno hapa!" Akapita. Alipozunguka tena: "Mwongo wewe, Bibi! Ndiye!"

Godelieve akaona aibu kuliko kinyaa. Baba yake hakuwahi kulikana hata sanamu la mbao alilokosea kulichonga.

Bembea iliposimama akapanda, harufu ya grisi na sukari iliyochacha ikampiga usoni. Akachomoa kibanio nyweleni, akatoa leso.

"Mshike kichwa," akamwambia Tineke, kama vile farasi angekimbia.

Chingamu ya kwanza ikatoka ikivutika kama kamasi.

"Yakh, Bibi!"

"Yakh kweli. Usimwachie."

"Mama, zamu inaanza!" Firmin akapiga kelele.

"Zungusha tu," Godelieve akajibu, kibanio kimezama puani. "Hatushuki mpaka apumue."