Orodha ya Hakimu

Saa elfu moja mia tatu na kumi na mbili. Hakimu aliisoma namba ile, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaisoma tena. Namba haikuona haya hata kidogo. Ilikaa pale juu kabisa ya skrini, ikizitangulia gemu zote alizocheza mwaka mzima, na kando yake jina: Hazina Mia.

Hazina Mia, jamani! Gemu ya kufungua masanduku. Unabonyeza, sanduku linafunguka, unapewa upanga wa dhahabu au kofia ya manyoya, unabonyeza tena. Haina safari, haina adui wa maana, haina mwisho. Mwaka uliopita yeye mwenyewe aliwaandikia wasomaji wake kwamba gemu za namna hiyo ni kama ukurutu: unajikuna, unaona raha, unajikuna tena mpaka damu itoke. Wasomaji wakacheka, wakaisambaza kauli ile kila pembe. Kumbe mwandishi naye alikuwa anajikuna kwenye simu yake kitandani, chooni, na hata kazini, kwenye karakana ya meno bandia, huku plasta ikisubiri kukauka.

Jina la Hakimu alipewa na wasomaji haohao. Kila mwisho wa mwaka alitoa orodha ya gemu zake kumi bora, na kanuni yake ilikuwa moja tu: hapangi kwa maneno, anapanga kwa saa zilizohesabiwa na mashine, na picha ya hesabu hiyo anaibandika chini ya orodha kila mtu ajionee. Wachambuzi wengine aliwaita waongo wenye kalamu nzuri. Aliyasema hayo kwa kiburi cha mtu ambaye hajawahi kushikwa.

Sasa ameshikwa. Aliteremka na ile hesabu mpaka chini, na huko, nafasi ya kumi na nne, akaikuta Kamba Moja. Saa nne.

Kamba Moja aliianza Januari pamoja na dada yake, mtu aliyemfundisha kucheza tangu vidole vyake havijafika kwenye vitufe vyote. Wapandaji wawili, mmoja mwekundu na mwingine wa kijani, wanapanda mlima wakiwa wamefungwa kamba moja kiunoni. Mmoja akiteleza, wote wanakwenda chini. Aliipenda kwa dhati. Dada akawa anapiga simu kila Jumamosi: “Mdogo wangu, unakuja tupande?” Naye anajibu, “Wiki ijayo, Dada,” huku kidole gumba kiko juu ya sanduku. Ilipofika Juni simu zikakoma, na yeye, Mungu amsamehe, alishukuru.

Kinyaa kilimshika. Si kwa ile gemu tena, bali kwa mtu aliyekuwa ameketi pale akiitazama. Hata hivyo wazo lililomjia kwanza lilikuwa chafu zaidi: aifungue Kamba Moja, aiache peke yake usiku na mchana, saa zipande. Akaifungua kweli. Mpandaji wake wa kijani akasimama chini ya mlima, hana wa kumwongoza. Hakimu alistahimili nusu dakika, akazima.

“Takataka wewe,” alijiambia kwa sauti.

Wazo la pili lilionekana safi. Akavaa viatu, akaenda kwa dada yake.

“Makubwa! Leo umepotea njia?” Dada alifungua mlango akiwa na futi ya kupimia shingoni, alikuwa mshona mapazia, na chumba chote cha mbele kilijaa vitambaa.

“Nimekuja tupande, Dada. Kamba Moja. Nataka tuimalize, ipate saa za kuingia kwenye orodha.”

Dada akamtazama kidogo. “Aa. Kumbe umekuja kwa ajili ya orodha.”

Angekana, lakini siku hiyo uongo ulikuwa umemkinaisha. Akaingia.

Televisheni ilikuwa inawaka. Wapandaji wawili walikuwa wamesimama hatua chache tu chini ya kilele, na pembeni mashine imeandika: saa mia mbili na kumi na tatu. Hii gemu haichezwi na mtu mmoja.

“Unacheza na nani?” aliuliza, na wivu ukasikika.

“Na nani tena? Na wewe.”

Dada akaketi. Akaweka pedi moja ya kuchezea gemu juu ya paja la kulia na nyingine juu ya paja la kushoto, kila mkono na yake. Mwekundu akapanda, akasimama, akaikaza kamba. Wa kijani akamfuata, akatulia kando yake.

“Mwanzoni nilikuwa nakuangusha ovyo,” alisema, macho kwenye skrini. “Mkono wangu wa kushoto mzito. Mpaka kufika Agosti ndipo ukajua kuruka.”

Hakimu alitamani ardhi impasukie. “Nipe hiyo ya kushoto,” alisema.

“Vitufe unavikumbuka?”

“Navikumbuka.”

Dada alisita, kisha akampa. Pedi ilikuwa na joto la mkono wake. Hakimu akashusha pumzi, akakilenga kilele, na kidole gumba kikaanza kubonyeza kama kilivyozoea mwaka mzima, harakaharaka, bila kungoja. Wa kijani akaruka kabla kamba haijakazwa. Akamburuta mwekundu. Walianguka muda mrefu, wakiyapita majabali yote ya miezi ile, mpaka wakatua palepale pa Januari.

Dada hakufoka, ingekuwa afadhali angefoka. Aliinyoosha mikono, akaitoa pedi taratibu katikati ya vidole vya Hakimu, akairudisha juu ya paja la kushoto.

“Wewe kaa tu hapo, mdogo wangu,” alisema. “Nitakupandisha mwenyewe.”